Jina Ukingoni mwa Medali

Mjukuu wangu Chebet,

Huku Kapseret tuko salama, na ndama wako sasa ni mtamba. Umeuliza utajuaje medali ya vita ilikuwa ya nani. Uso wake usikusumbue, maana nyuso za medali hizo hufanana. Soma ukingo.

Nilijua hivyo nikiwa msichana wa shule, mwaka tuliponunua shamba la mzungu naye akanadi vyombo vyake. Ndani ya sanduku la vifungo nikaona medali yenye maandishi ukingoni. Nakiri nilitaka kuirudisha kimya kimya, kwa vile niliogopa kusema mbele ya watu.

"Soma basi, mwanafunzi," dalali akanitania. "Ama Kizungu kimebaki shuleni?"

Nikasoma namba, kisha jina: Kiprono.

Hakuna aliyemjua. Ndipo babu yangu, mkamuaji wa ng'ombe wa huyo mzungu, ambaye sote tulimwita arap Sang, yaani mwana wa Sang, akavua kofia.

"Ni mimi. Nilienda vita vya Mjerumani kabla sijatahiriwa, na jina la utotoni. Medali hii bwana wangu alisema ataniwekea."

Dalali hakutaja bei. Nikamfunga babu medali kifuani, naye akasimama wima kama askari, kwenye shamba ambalo sasa lilikuwa letu.

Ni mimi, kogo wako