Wembe Haukati

Jumanne, 10 Aprili 1973

Kenan kaja dukani leo. Mtoto wa Rasim! Hajakanyaga hapa tangu ana miaka kumi na mitatu. Anaoa Jumapili. Kasimama mlangoni, hataki kukaa. "Baba mkubwa, mzee mikono inamtetemeka, siku hizi ananyoa kwa mashine tu. Nataka uninyoe wewe. Kwa wembe wa babu." Nikamwuliza kama baba yake ndiye kamtuma. Akacheka. "Yeye? Akisikia jina lako anatazama dari."

Nimekubali. Kisha nikajifanya natafuta taulo, maana machozi yalikuwa karibu. Miaka kumi na moja, mimi na mdogo wangu, maduka yanatazamana, hata salamu hakuna.

Alhamisi, 12 Aprili

Nimeutoa wembe wa marehemu baba kabatini. Rasim ndiye aliyemnyoa nao mara ya mwisho, kitandani. Baada ya mazishi niliuchukua mimi, ukang'oa ndevu badala ya kukata — mteja akaruka kitini. Nikamfokea Rasim mbele ya watu: umeuua wembe wa baba! Akavua aproni, akaondoka, akafungua duka lake ng'ambo ya barabara.

Leo nimeunoa kwenye jiwe, kwa maji, taratibu. Ukakata unywele uliokuwa hewani! Nikaupitisha kwenye mkanda wa ngozi wa kulainishia makali, pale ukutani, mara sitini, kama siku zote. Ukagoma kukata. Jiwe tena, mkanda tena. Umegoma! Nimelaumu ngozi, nimelaumu mvua.

Ijumaa, 13 Aprili

Sabiha kaleta chai, akasimama kunitazama. "Mume wangu, hiyo ngozi imekukosea nini? Unaikandamiza kama unakanda unga!" Nikamwambia ashike ya jikoni kwake. Akaenda zake anacheka.

Halafu nikauona msumari wa mkanda. Umelegea tena. Mwaka huu nimeugongomea mara tatu.

Nikajaribu kwa mkono mwepesi. Mgongo na makali vilale pamoja, wembe uende kwa uzito wake tu. Mara thelathini. Nikaujaribu mkononi: vinyweleo vyote chini, ngozi haikuhisi kitu.

Basi ni mkono wangu. Ukikandamiza, ngozi ya mkanda inabonyea, inapanda juu ya makali na kuyalaza. Baba alinigombeza kwa hilo hilo ujanani, nikadhani nimeacha. Na asubuhi ile, kabla ya kumnyoa yule mteja, nani aliupitisha mkandani? Mimi! Rasim aliniachia wembe mzima. Naona aibu hata kuliandika.

Jumapili, 15 Aprili

Duka limejaa. Rasim kaja, baba wa bwana harusi atakosaje? Kaketi kona, kofia magotini.

Shavu la kulia la Kenan nililinyoa kufuata ndevu, nikapaka povu tena, nikapanda kinyume, ngozi nimeivuta kwa kidole. Laini. Hapo ndipo kinyozi husimama, nusu uso bado, na marafiki hutoa bakshishi ili makali yarudi. Nikasimama.

"Wembe haukati!"

Vicheko. "Toeni jamani, bibi harusi atamkimbia!" Mikono ikaingia mifukoni. Nikawaambia waitoe mitupu. Nikamgeukia Rasim.

"Haukati, Rasim. Na siku ile haukukata kwa sababu yangu. Mimi ndiye niliyeuua, kwa mkono huu. Nisamehe."

Kijana mmoja alikuwa bado anacheka, akidhani ni utani.

Rasim akainuka. Akauchukua wembe, mikono inatetemeka, akauweka mkandani — ikatulia! Mara kumi, hata sauti huisikii. Akanirudishia.

"Malizia. Povu linakauka."

Basi, hayo tu. Nilipomaliza hakuwepo. Na msumari wa mkanda ulikuwa mtupu.

Jumatatu, 16 Aprili

Saa tatu kasoro. Mwalimu Vehbi yuko kitini, kapakwa povu. Sina mkanda.

Nauona kutoka hapa. Rasim kautundika nje ya mlango wake, mbele ya barabara nzima. Mwenyewe yuko ndani, ananipa mgongo. Anataka niufuate mwenyewe. Hatua ishirini tu! Nimefika mlangoni mara mbili na wembe mkononi, nikarudi kuandika haya. Nikifika nitasema nini?

Mwalimu anapiga mguu chini. Fundi Nazmi, anasema, unangoja nini, povu linakauka —