Maziwa ya Karanga Aliyoyaomba Bibi

Mama,

Shikamoo. Sijui kama aliyelala huitikia, lakini sijawahi kuanza kuzungumza nawe bila hiyo, na siwezi kuanza leo.

Ni mwezi wa saba tangu tukuzike pale kwenye migomba. Chumba changu cha mjini Kijenge nimekifunga, shuleni ninakofundisha nimeomba likizo, nimerudi huku mlimani. Bibi anaumwa, na Baba peke yake hawezi. Koo lake linaziba kidogo kidogo; kigumu hakipiti. Maziwa ya ng'ombe anayatapika. Yeye, Mama! Mama mkwe wako, aliyekuwa akisema mwanamke asiyekunywa maziwa ya ng'ombe hajaolewa bado, amekuja kutembea tu.

Wiki iliyopita nilimpelekea uji. Akageukia ukutani, akasema, "Nataka yale ya karanga. Ya mama yako."

Niliweka bakuli chini.

Nilikuwa mdogo, lakini siku ile naikumbuka. Tumbo lako lilikataa maziwa ya hapa, ukawa umelowesha karanga za kwenu Urambo, umezimenya, umezitwanga, unazikamua kwenye kitambaa. Bibi akawaita shangazi zangu wote. "Jamani, njooni muone! Mkwe wangu anakamua karanga! Chuchu zake ziko wapi, Mama Neema?" Walicheka mpaka wakashikana mabega. Nawe ukacheka nao. Tangu hapo ukawa unayatengeneza Jumapili alfajiri, mlango wa jiko umefungwa. Nikibisha, unanijibu ukiwa ndani, "Nenda kasome, karanga hazina mtihani."

Nikaenda kusoma. Nina shahada, Mama, na sijui ulikuwa unatia maji kiasi gani.

Nimejaribu. Mara ya kwanza nilizikaanga karanga, Bibi akanusa tu: "Huu ni mchuzi." Mara ya pili nilisaga kwa blenda, zikabaki chembe, akakohoa hadi Baba akatoka nje. Halafu moto ukazidi, yakakatika, maji huku na machicha kule. Mara ya nne nikakaa kwanza, nikaitafuta ladha yako kichwani: mepesi, asali kidogo, iliki kwa mbali. Nikaipata. Mama, niliipata kabisa, nikalia pale jikoni na mwiko mkononi.

Bibi akanywa vijiko viwili. "Siyo haya. Mama yako hakuwa mchoyo hivi."

Hapo nilikasirika. Nikamwambia, "Bibi, wewe umeyajulia wapi? Hukuwahi kuyanywa. Ulikuwa unamcheka tu."

Aligeukia tena ukutani. Kisha akasema, "Kila Jumapili mlipokwenda kanisani mimi nilibaki, mguu unauma. Mguu haukuuma."

Alikuwa anaingia jikoni, Mama. Anafunua sufuria yako, anakunywa kikombe kizima, halafu anajazia maji ili usijue.

Nikakukumbuka mezani, tumetoka ibadani, unaonja na kukunja uso. "Leo tena mepesi. Sijui huwa nakosea wapi." Ukajaribu karanga nyingine. Ukabadilisha kitambaa. Uliulaumu mkono wako miaka yote ile, na umekufa ukiulaumu. Kulala silali kwa sababu ya hilo. Na ile ladha ninayoiita yako, niliyoililia... maji yake ni ya Bibi. Yako yenyewe sijawahi kuionja. Yeye ndiye anayeijua.

Jana nikazidisha karanga mara mbili. Yalitoka mazito, meupe, yanashika kijiko. Nikamnusisha, akafumba macho. "Ndiyo yenyewe." Nikamtilia kijiko cha kwanza mdomoni. Hakikupita. Yalimrudi puani, akawa anahangaika kutafuta hewa, Baba akamwinua, mimi nampigapiga mgongo na kumwomba Mungu asiondoke mikononi mwangu kwa kitu nilichomlisha mimi.

Alipotulia, nilichukua jagi nikaongeza maji. Yeye ananiangalia. Nikaongeza tena, mpaka yakawa mepesi kama ya Jumapili. Yale yakapita. Akanywa nusu kikombe, taratibu. Nilipokuwa namfuta kidevu, akanishika kifundo cha mkono. "Mwambie mama yako anisamehe."

Nikakwambie wapi? Nilikwenda kwenye migomba, nikasimama, maneno hayakutoka. Ndiyo maana naandika.

Basi, amesema umsamehe. Nimeufikisha ujumbe, zaidi ya hapo sina uwezo. Jibu ni lako, na siwezi kukusemea. La kwangu mwenyewe bado silijui. Kuna saa namgeuza kitandani kwa upole, na kuna saa natamani kumuuliza ule mguu wake unaendeleaje.

Ila hukukosea, Mama. Hukukosea hata Jumapili moja. Leo nitalala na hili, nawe ulale nalo.

Kwaheri, mama yangu. Nakuahidi kitu kimoja tu, kwa sababu ndicho ninachokiweza: siku kijiko kitakaposhindikana, nitachovya pamba nimloweshe midomo. Hatakufa na kiu mikononi mwa mwanao.

Neema