Mahali Ulipolala Hapaonekani Tena, Baba

Baba,

Shikamoo. Nimeshindwa kuanza bila hiyo, hata kama marahaba yako siisikii tena.

Nakuandikia nikiwa Kibiti, nyumbani kwangu. Shule imefungwa, watoto wamekwenda kwa shangazi yao, na kwa mara ya kwanza baada ya muda mrefu nyumba imetulia. Zamani ningepanda gari nije Mohoro, nikae pembeni ya kaburi lako, nikusimulie haya kwa mdomo. Lakini kaburi lako halipo, Baba. Hilo ndilo nililokuwa nashindwa kukuambia siku zote hizi.

Maji yalikuja. Najua wewe uliyazoea maji ya Rufiji. Yalikuwa yanaingia mashambani, yanakaa, yanaondoka, yanatuachia udongo mweusi wa kupandia, na wewe ulikuwa unasema mto umepita kutusalimia. Haya hayakuwa ya salamu. Asubuhi yalikuwa kwenye mpunga, jioni yalikuwa yamefika dirishani. Mzee Athumani, jirani yako, ndiye aliyemtoa Mama kwa mtumbwi. Mama alitoka na furushi la nguo na redio yako, redio yenyewe ilishaharibika tangu ukiwa hai. Wakapelekwa shuleni kule juu, wakakaa madarasani na wanakijiji wengine. Mama alilala mkeka mmoja na Bi Zuhura, mke wa Mzee Athumani, kwa muda wote ule. Kijijini kwetu hakufa mtu. Nilimshukuru Mungu kwa hilo, ingawa siku zile shukrani zangu zilikuwa zinaishia mdomoni.

Maji yalipopungua nikaenda. Kanisa lako la udongo lilikuwa limelala chini, mabati yamening'inia kwenye nguzo mbili. Nyuma yake, pale tulipokuzika, palikuwa tambarare. Udongo ulikuwa umejaa mpaka juu ya magoti, umekauka na kupasukapasuka. Msalaba wa saruji haukuonekana. Makaburi ya watoto wa Mama Yohana hayakuonekana. Na kule upande wa pili, makaburi ya Waislamu nayo yalikuwa hivyohivyo.

Mzee Athumani alikuja na nondo. Unakumbuka yeye ndiye aliyeongoza vijana kuchimba kaburi lako. Alikuwa anaichomeka ile nondo ardhini, anasikiliza, anaichomoa, anasogea. Mama alikuwa amesimama, mikono ameiweka kichwani. Ilipofika adhuhuri yule mzee aliacha, akaja mbele ya Mama, akavua kofia.

"Mama Eliza, nisamehe. Mimi nilikuwa napajua kwa ule mkorosho. Na mkorosho wenyewe umeondoka."

Mama akamwambia, "Umefanya kazi kubwa, kaka. Nenda kaswali."

Kisha akageuka, akaanza kutembea kurudi kwenye nyumba yetu, ambayo ukuta wa nyuma ulikuwa umeanguka. Hakulia. Mimi ndiye niliyelia. Nilikuwa na hasira, Baba, nakuambia ukweli. Nilimwambia Mungu moyoni, kama ulishamchukua Baba, basi ungetuachia hata mahali pa kukaa.

Baada ya hapo Mama alibadilika. Kumbuka jinsi alivyokuwa anaombea chakula mpaka wali unapoa, nawe unakohoakohoa ili amalize. Sasa alikuwa anapakua, anakula kidogo, anatoa vyombo. Basi. Nikamwomba aje akae kwangu Kibiti, akakataa. Serikali ya kijiji ikagawa viwanja kule juu, mbali na mto, watu wakaanza kuhama mmoja mmoja. Mama akakataa. Alitandaza turubai pale ukuta ulipoanguka, akakaa.

Nilimfuata mwezi uliofuata. Nilimkuta barazani na ungo, anachagua mchele. Nikakaa chini nikamsaidia, tukaongea habari za watoto, kisha nikasema lililonileta.

"Mama, maji yatarudi."

"Yakirudi yatanikuta."

"Kule juu kila mtu ameshapata kiwanja. Hata Bi Zuhura anahama wiki hii."

"Aende salama. Mimi baba yenu yuko hapa. Sijui ni wapi, lakini ni hapahapa. Nikiondoka, nani atajua kwamba kuna mtu?"

Nikasema lile nililoona ni rahisi, nililokuwa nakusikia wewe ukiwaambia wafiwa. Nikasema, "Basi tuombe, Mama, Mungu atatuonyesha."

Akaweka ungo chini. Sijawahi kumwona Mama akinitazama vile.

"Usiniambie niombe, Eliza. Nimeomba kwenye yale maji. Nimeomba shuleni mpaka watu wakanizoea. Nikirudi hapa nakuta hata kaburi la mume wangu sikuachiwa. Sasa nikifumba macho naona kama naongea na mabati. Mimi, mjane wa mwinjilisti. Nina aibu hata ya kukaa na wenzangu. Wanakuja kuniuliza, wanataka niwatie moyo. Moyo wenyewe niutoe wapi?"

Baba, hapo ndipo nilipokukumbuka ukiwa hospitalini.

Ni ile jioni Mama alipokuwa amekwenda uani kufua shuka zako. Miguu yako ilikuwa imevimba, na sauti ilikuwa imepungua, ikabidi niiname. Nilidhani unataka maji. Ukaniambia, "Mwanangu, nimehubiri maisha yangu yote kwamba Mungu yuko karibu na anayeumia. Sasa naumia mimi, na simsikii." Nilishtuka. Nilitaka kukuambia usiseme hivyo. Kitu fulani kilinizuia, nikakuuliza tu, "Tufanye nini, Baba?" Ulifikiri kidogo. Ukasema, "Omba wewe. Mimi nitasema amina. Hiyo naiweza." Na ukaongeza, "Mama yako usimwambie sasa. Ananishikilia kwa nguvu zake zote, usimtikise mikono."

Tangu jioni ile mpaka ulipoondoka nilikuwa naomba, maneno machache, maana mimi si mtu wa maneno, na wewe ulikuwa unasema amina. Siku nyingine nilikuwa naona midomo tu ikitembea. Mama alidhani ni uchovu wa ugonjwa ndio uliokufanya usiombe kwa sauti.

Ulisema nisimwambie sasa. Sasa ile ilikwisha, Baba. Pale barazani nilimwambia.

Nilimwambia kila kitu, polepole, kama nilivyokuandikia hapa. Alikuwa ameshika punje za mchele kiganjani, hakuzidondosha mpaka nilipomaliza.

"Alisema hivyo? Kwa mdomo wake?"

"Kwa mdomo wake, Mama."

"Kwamba hamsikii?"

"Ndiyo."

Akautazama ungo. Nikaogopa. Nikadhani nimemwangushia na ule uzito wa mwisho, kwamba kama kulikuwa na nguzo moja imebaki ndani yake basi nimeing'oa. Kisha akauliza, kwa sauti ndogo sana, "Na bado alikuwa anasema amina?"

"Mpaka siku ya mwisho."

Hapo akalia. Hakuwa amelia hivyo hata siku tuliyokuzika. Alijifunika khanga usoni, mabega yakawa yanatikisika, nami nikamshika mgongo. Alipofunua uso alikuwa amechoka, lakini macho yalikuwa ni yake, yale ya zamani.

"Mzee yule," akasema. "Tumelala kitanda kimoja ujana wetu wote, halafu anakwenda kuteseka peke yake ili mimi nisijue. Na mimi huku nimekaa najiona mwovu, najiambia yeye asingenielewa." Akajifuta pua. "Kumbe tulikuwa wawili."

Kisha akasema, "Haya. Omba wewe."

Baba, sikuwa tayari. Nilikuwa na hasira zangu bado. Lakini nilifumba macho nikasema kilichokuwepo. Nikasema, Bwana, tumechoka. Hatujui Baba amelala wapi. Wewe unajua. Kaa na Mama. Kaa na mimi pia, ingawa nimekukasirikia. Nikaishia hapo.

Mama akasema, "Amina."

Sitaki nikudanganye kwamba baada ya hapo mambo yalinyooka. Sikuona mwanga, na Mama hakuamka kesho yake akiimba. Nilirudi Kibiti kazini. Nilikuwa nampigia simu jioni, naomba maneno yangu mawili matatu, naye anaitikia, kisha tunaongea habari za kuku. Siku moja, katikati ya maombi yangu, akanikatiza. Akasema, "Ongeza na Bi Zuhura, mguu wake una kidonda hakikauki." Nikamwongeza. Jioni iliyofuata akasema, "Leo nimeanza mwenyewe, wewe itikia." Akaomba, Baba. Aliomba mpaka salio langu likaisha.

Amehama. Mzee Athumani na wanawe walikuja wakambebea miti na mabati yaliyosalia, na Bi Zuhura akachagua yeye mwenyewe kiwanja kipi Mama achukue, kilicho karibu na chao, wasije wakapotezana. Nyumba ni ndogo, vyumba viwili, lakini imesimama. Siku ya kuhama Mama alikwenda kwanza kule nyuma ya kanisa, akasimama mahali popote tu, kwa kuwa hapakuwa na pa kuchagua. Sikumfuata. Aliporudi nilimuuliza amekuambia nini. Akasema, "Nimemwambia baba yako kwamba Mungu hakuhitaji alama ya saruji ili ajue watu wake walipo. Halafu nikamwambia mimi ndiye niliyeihitaji."

Ibada ya kwanza kule juu ilifanyika chini ya turubai. Mwinjilisti mpya ni kijana, anatoka upande wa Mchukwi, mpole, anahubiri haraka kama mtu anayekimbizwa na mvua. Alipomaliza akauliza kama kuna mwenye neno. Mama akasimama. Alisema mume wake aliumwa, akafika mahali hakumsikia Mungu, na hakuacha kuitikia. Alisema na yeye amefika mahali hapo, na kwa sehemu bado yupo. Akasema, "Kama kuna mtu hapa hawezi kuomba, asikae nyumbani kwa aibu. Aje. Sisi tutaomba, yeye aitikie. Na akishindwa kuitikia, akae tu."

Niliogopa watu watasema nini. Kisha Baba Yohana, yule uliyewazika watoto wake, ambaye tangu wakati ule hakuwahi kukaa tena benchi la mbele, akasimama nyuma kule, akasema, "Mama, mimi nipo." Akakaa. Hakusema zaidi. Kijana mwinjilisti alivua miwani akaifuta kwa muda mrefu sana.

Hizo ndizo habari za nyumbani. Nikuambie na zangu, halafu nikuache.

Mimi sijasikia sauti yoyote. Nilidhani baada ya yote haya nitapata hakika ambayo haitikisiki. Sijaipata. Ninachojua ni kwamba nilipokuwa nimeinama kitandani kwako sikuwa peke yangu, na barazani kwa Mama sikuwa peke yangu, na sikulijua hilo wakati ule. Nalijua nikitazama nyuma. Labda wewe sasa unalijua bila kutazama popote. Nafurahi kwa ajili yako.

Kuna mwalimu mwenzangu, Mwalimu Hadija, tunafundisha naye darasa la tatu. Amefiwa na mtoto wake mchanga. Wenzangu walikwenda msibani, mimi nilisingizia kazi. Nilikuwa naogopa, Baba. Yeye ni Mwislamu, mimi Mkristo, na sina neno hata moja la kumweleza kwa nini. Wewe ulikuwa unaingia kwenye nyumba za namna hiyo na maneno mazuri, na mimi nilirithi pua yako tu. Lakini nimefikiri sana wiki hii. Siku ile ulipokuwa na hali mbaya kuliko zote hukuniomba maelezo. Uliniomba nikae karibu.

Kwa hiyo nakuahidi. Kesho asubuhi nakwenda kwa Hadija. Sitakwenda kumwambia Mungu alikuwa na sababu gani. Nitafagia uwanja wake, nitaosha vyombo, na akitaka kusema nitasikiliza, na asipotaka nitakaa. Na baada yake nitakwenda kwa mwingine, kwa kadiri nitakavyojaliwa, hata siku nitakazokuwa na mashaka, hasa siku hizo.

Lala salama, baba yangu, huko ulikolala. Mama anakusalimu sana. Amesema nikuandikie hivi, kwa maneno yake: hajakuacha, amehama tu.

Binti yako,
Eliza