Wenzo kwa Ajili ya Gumba la Kushoto

Jumatatu, 4 Machi 2019
Herufi zinaanguka kama walevi. Basi! Hakuna atakayesoma. Mama wa mazoezi pale hospitali kasema niandike kwa kushoto, nami naandika. Mkono wa kulia umelala tangu kiharusi cha Oktoba. Naubeba tu, kama mzigo wa mtu mwingine.

Gervasio kapita kunijulia hali. Nimefanya kazi kwenye karakana yake ya bunduki na bastola tangu ujana — leseni yake, mdomo wangu. Nikamwambia nataka kurudi uwanja wa shabaha. Akautazama mkono uliolala. Nikamwinulia wa pili. Huu!

Shida ni bastola yangu. Wenzo wa usalama, ule wa kuifunga isifyatuke, uko upande wa kushoto, pale gumba la kulia linapoufikia. Mwenye mashoto haufikii bila kugeuzageuza silaha, na mimi mkono wa kugeuzia sina. Gervasio anasema wenzo wa pande mbili upo, ila lazima uchongwe hadi ukae sawasawa. "Na nani atachonga, Oreste? Macho yangu siku hizi hata kijiko nakipapasa."

Mimi, nikasema. Akacheka. Kisha akaona sicheki.

Jikoni Norina kagongesha kifuniko cha sufuria. Mke wangu hahitaji maneno.

Alhamisi, 7 Machi
Vipuri vimefika! Wenzo mpya, pini yake, springi nyembamba kama unyusi. Nimevitandaza kwenye kitambaa pale karakana, nikavitazama tu. Norina alikuja kunichukua, akanikuta hivyo. "Mimi hujanitazama namna hiyo tangu tuoane." Nikamjibu: hivi havigombi.

Jumamosi, 9 Machi
Nimeharibu.

Bastola tupu, imefunguliwa. Kipuri kimebanwa kwenye jiriwa, tupa ya kuchongea mkono wa kushoto. Mwanzo vizuri kabisa. Kisha tupa ikateleza, na chuma kilichoondoka hakirudi. Nikaiunganisha hivyohivyo. Nikafunga usalama, nikavuta kifyatulio — nyundo yake ikaanguka. Tak!

Haina risasi, ndiyo. Lakini mlio ule! Bastola inayodai imefungwa na kumbe haijafungwa ni mbaya kuliko isiyo na usalama kabisa. Miaka yangu yote ya kazi nimewaambia vijana maneno hayo.

Gervasio akakifungua kipuri. Kipuri kikaenda kwenye ndoo ya vyuma chakavu. Nimerudi kwa miguu kando ya mto, nikiburuta guu. Norina akanipa supu, hakuuliza. Hapo nikajua ameshapigiwa simu.

Jumapili, 10 Machi
Fulvia kaja kula. Binti yetu, anatengeneza meno ya bandia huko mjini Brescia. Polenta, ugali wetu wa mahindi, na sungura. Norina akasema mbele yake: iuzwe bastola hiyo, mwanaume keshaponea chupuchupu, anataka nini tena?

Nikasema nataka kitu kimoja nikifanye kama zamani. Kimoja tu.

Fulvia akasema tuagize kipuri kingine, atachonga yeye. Nikamwambia hili si jino, binti.
"Baba, jino langu linatafuna nyama kila siku na halilegei. Chuma chako kina nini cha zaidi?"
Norina akacheka, kisha akakasirika kwamba kacheka.

Jumatano, 13 Machi
Kipuri cha pili. Fulvia kaomba ruhusa kazini. Gervasio kamkalisha kwenye benchi, mimi pembeni. Nilivumilia kidogo. Kidogo sana. "Siyo hivyo! Taratibu! Unachonga au unakuna upele?"

Akaweka tupa chini. "Ukitaka mkono, Baba, chukua wangu. Ukitaka punda, kamtafute sokoni." Akatoka.

Gervasio, bila kuinua kichwa: "Hongera, bingwa. Ulikuwa na mkono mmoja mzima, umeufukuza."

Nikamfuata Fulvia kwenye baa ya ng'ambo ya barabara. Anakunywa kahawa, mgongo kwangu. Kuomba samahani sikuomba. Nikamuuliza tu: jino likitosha, unajuaje? Akajibu bila kugeuka: unalipaka rangi, mgonjwa anauma, rangi inafutika pale panapogusana. Unaondoa hapo tu. Unarudia.

Nikamwambia nasi tunafanya vilevile. Wino, unaunganisha, unafungua, unatazama alama.

Akageuka. "Sasa mbona hukusema hivyo, badala ya kubweka?"

Tulirudi. Nikasema "paka" na "tazama", basi. Kufunga mdomo — hayo ndiyo mazoezi magumu kuliko yote ya hospitali.

Ijumaa, 15 Machi
Inashika!

Fulvia kafunga usalama, kavuta kifyatulio: kimya. Gervasio kakivuta kwa nguvu, kaachia, kafungua usalama, kaweka sikio. Kimya. Akarudia mpaka nikachoka kubana pumzi. Hakuna kilichoanguka, hakuna kilichosogea.

Akanipa. Gumba la kushoto likaupata wenzo lenyewe. Chini. Juu. Chini. Nikasingizia vumbi la chuma limeingia machoni. Fulvia naye akasingizia vumbi hilohilo.

Gervasio kasema tusisherehekee bado. Jumapili uwanjani ataipiga yeye kwanza.

Norina kaambiwa. Kaenda kupiga pasi. Kapiga pasi hata matambara ya kufutia.

Jumapili, 17 Machi
Naandika nikiwa kwenye benchi la uwanjani. Baridi, jua lipo.

Norina kaja! Alisema atabaki garini. Kisha kaingia, vizuia sauti vya masikioni juu ya nywele alizotoka kutengenezwa saluni, uso wa kwenda mazishini. Kakaa kando yangu.

Gervasio kapiga risasi moja, akafunga usalama, akajaribu. Imeshika. Kapiga nyingine. Imeshika. Kaniashiria kwa kidevu: wewe sasa, risasi moja, mimi nasimama ubavuni.

Naukunja na kuukunjua mkono wa kushoto. Norina kauona. "Krismasi mkono huo ulimwaga kahawa kwenye suruali yako nzuri," kasema. "Leo asubuhi ulinimiminia mimi, haikudondoka hata tone."

Kumbe alikuwa anatazama.

Fulvia ananivisha miwani. Nyuma yangu Norina anamuuliza Gervasio, kwa sauti kubwa kwa sababu hajisikii, kama hapa mtu anaruhusiwa kushangilia, au ni kama kanisani.

Wananiita. Naweka kalamu chini: mkono huuhuu wa kushoto unakwenda kushika bastola, gumba juu ya wenzo.