Mchoro Ulionywewa

Jumamosi, Mkuyuni

Bado nimekasirika. Sahani ile ilikuwa yangu, moja ya hizi nyeupe za Kichina zilizojaa sokoni siku hizi.

Babu ndiye aliyenifundisha kuandika aya kwenye sahani: chovya kalamu kwenye zafarani, mtaje Mungu kimoyomoyo, pumzi moja kwa kila herufi. Kwa kawaida nikifika herufi ya tatu nawaza chapati. Leo sikuwaza kitu hadi sahani ikajaa. Nilipoitazama nikajua mwalimu wa sanaa ataiweka kwenye maonyesho ya Jumatatu.

Ndipo akaingia jirani yetu Mama Kulwa, njiani kwenda mazoezi ya kwaya kanisani, kichwa kinamuuma.

"Shikamoo mzee. Naomba lile kombe lako, dawa ya maandishi."

"Marahaba, keti."

Babu akamimina maji kwenye sahani yangu, akayazungusha mpaka maandishi yote yakayeyuka, akampa. Mama Kulwa akanywa yote.

"Halina sukari," akasema.

"Babu, ile ilikuwa ya maonyesho."

"Uliandika ili itazamwe?"

Nilipokuwa naandika, hapana. Nilipomaliza, ndiyo, tena sana.

Jumatatu nitamwambia mwalimu mchoro upo, ila uko tumboni mwa Mama Kulwa, umekwenda kuimba kwaya.