Kwako Yaya, Uliyemfukuza Mama kwa Simu

Mpendwa yaya,

Nasema mpendwa kwa sababu mkono umezoea. Nilizaliwa peke yangu. Lakini mama yako alipofariki, ndugu zako wakagombana nani abebe matanga, na papa wangu, mtu wa Kindu, akafungua lango letu hapa Tshopo, Kisangani. Siku tatu watu walilia kwetu, wakala kwetu. Tangu hapo ukawa mtoto wa nyumba, nami nikakuita yaya, kaka yangu mkubwa.

Tukaingia maigizo pamoja. Wewe ulimcheza papa, na sauti yake ya puani, na kukohoa kwake kabla ya kukaripia. Mwenyewe alikaa benchi ya mbele, akacheka mpaka machozi. Alipokufa, ulibeba jeneza upande wa kichwa, mahali pa mwana, na hakuna aliyekuuliza kitu.

Bon, haya. Sasa una simu, una bendera ya chama nyuma yako, na kila jioni unatangaza mtandaoni kwamba wakuja, watu waliotoka kwingine kama papa, wameula mji wetu. Mara ya kwanza nilikutazama pamoja na mama. Ulianza na sauti ya papa, ile ya puani. Mama akacheka, masikini. Akaita majirani: "Mukuye muone mutoto yangu, amerudilia mchezo!" Wakaja, wakasikia ukitaja avenue yetu, ukisema wakuja wake warudi kwao. Wawili waliondoka bila kuaga.

Kesho yake sokoni tulikuta meza ya samaki ya mama imepinduliwa. Nikakupigia. Ukaniambia ni politiki tu, mama yeye ni tofauti. Tofauti na nani, yaya? Nina hasira nawe. Umekula kwetu miaka yote, kisha ukachukua sauti ya marehemu ukatuuza nayo.

Nilimsihi mama abaki. Alikataa. Baada ya miaka arobaini ya Kisangani alifunga mizigo, akaenda Kindu kwa ndugu za papa. Jana alinipigia. Sokoni huko wamesikia Kiswahili chake kilichojaa Lingala, wakamuuliza, "Mama, weye mugeni, unatoka wapi?"

Akawajibu anatoka Kisangani, na ana watoto wawili huko.

Wawili, yaya. Bado anakuhesabu. Mimi nimeacha.

Kwaheri,
Aliyekuwa mdogo wako