Muvumu wa Mwami na Amri ya Mbung'o

Rumonge, Ijumaa.

Ziwa limelala, hakuna hata upepo wa kutikisa jani. Joto limetuelemea tangu asubuhi. Nimejificha nyuma ya mlango na wino wangu.

Naogopa. Naandika ili nijue naogopa nini hasa.

Mwezi ulipoandama, askari wa Wadachi, hawa Wajerumani, walipita na ngoma wakitangaza amri mbili. Ya kwanza: vichaka vyote vya ukingo wa ziwa vifyekwe, maana humo ndimo anamokaa mbung'o, yule nzi anayeleta malale. Ya pili: miti mikubwa ni ya serikali, na atakayeiangusha bila ruhusa atakula kiboko, kisha apelekwe Usumbura na mnyororo shingoni. Tulicheka kidogo. Halafu tukaacha kucheka, kwa sababu hakuna aliyetuambia kichaka kinaishia wapi na mti unaanzia wapi.

Mume wangu Hamisi ni fundi wa mitumbwi, na shoka lake linajulikana hadi Kigwena. Ndiyo maana Farajala, nyapara wa wafyekaji, alimchukua kwa nguvu.

Na kuna sheria ya tatu, ambayo haikupigiwa ngoma. Karibu na maji umesimama muvumu, mti mkubwa wa kivuli ambao Warundi wanauita mti wa mwami, yaani wa mfalme wao. Zamani mwami mmoja alipiga kambi pale, na watu wake wakaupanda. Haukatwi wala hauchomwi. Hata tawi likianguka lenyewe, hakuna anayeliokota kwa kuni. Ukoo wa jirani yetu Ndayizeye, mtu wa kilima cha Kizuka, ndio unaoutunza. Wanapalilia shina, wanafukuza mbuzi wasitafune gome. Sisi Waislamu hatuombi kitu pale, lakini tumezikana na watu hawa. Wanachokiheshimu hatukichezei.

Leo asubuhi nilikuwa nimewapelekea wafyekaji uji. Farajala akaunyooshea fimbo ule muvumu.

"Fundi, angusha huu. Iko na kichaka chini yake."

Hamisi akaweka shoka chini. "Nyapara, huu ni muti wa mwami. Halafu ni mukubwa. Ngoma ya serikali ilisema tusiguse mikubwa."

"Hapa sheria ni mimi. Kata, ama nakufunga."

Nilipogeuka niliwaona watu wa Kizuka wanateremka, Ndayizeye mbele, wengine na mikuki.

Akikata, mkuki. Asipokata, kiboko na mnyororo.

Nikaacha chungu cha uji palepale nikakimbia.

Sijui nani alinipa miguu ile. Ng'ambo ya mto iko kambi ya malale, kwa Bwana Mganga wa Kidachi, mahali ambapo sisi wanawake tukipita tunafunika pua na kusoma dua. Wanasema sindano yake inawapofusha watu. Nilipita katikati ya wagonjwa waliolala mchana kweupe na midomo wazi, nikasimama mbele yake.

"Bwana Mkubwa, nisamehe. Nataka kujua sheria. Amri ya mbung'o inasema miti mikubwa ianguke?"

Alinitazama kama aliyesikia mbuzi akisema. Nikamweleza ya Hamisi na muvumu, naye akachukua kofia.

Tulipofika, Hamisi alikuwa amepigishwa magoti, mikono imefungwa nyuma. Bwana Mganga aliuzunguka mti, akainama, akachungulia chini ya matawi. Akamwambia Farajala kwa Kiswahili chake cha kukatakata: "Nzi anataka kivuli cha chini, karibu na maji. Fyeka majani. Kata matawi ya chini tu. Mti unabaki. Fungua huyu."

"Ndiyo, Bwana," akajibu Farajala, lakini macho yake yalikuwa kwangu.

Hata hayo matawi ya chini yalikuwa mtihani. Ndayizeye aliweka kiganja kwenye gome. Mwishowe akamwambia Hamisi, "Ukate wewe. Hawa wengine watauumiza." Hamisi alianza kila tawi kwa chini, ndipo akalimalizia kwa juu, ili likianguka lisichune gome la shina. Kila palipokatwa, Ndayizeye alipaka udongo na majivu, kama anayemfunga mtu kidonda. "Murakoze," akamshukuru Hamisi kwa Kirundi, na mikuki ikapanda kilima kurudi ilikotoka.

Hakuna aliyepigwa. Mti umesimama. Majirani wananisifu tangu adhuhuri, nami najifanya nacheka.

Kuna jambo Hamisi halijui.

Kule kambini, kabla hatujaondoka, Bwana Mganga alinishika nyuma ya shingo, kama anavyomshika kila anayeingia, akitafuta uvimbe wa malale. Vidole vilipita, vikasimama, vikarudi, vikabonyeza. "Rudi kesho," akasema. "Usikose." Niliitikia haraka. Saa ile ningeitikia chochote, mradi aanze kutembea.

Sasa nimejipapasa mwenyewe. Kipo. Kivimbe kama punje ya kunde, chini ya nywele. Hakiumi, na hilo ndilo linalonitisha zaidi.

Ninaweza kukifunika kwa ukaya wangu wa kichwani, nani atajua? Nisiporudi, hata Hamisi hatauliza. Lakini nimewaona leo wale waliolala na midomo wazi. Mmoja alikuwa msichana wa rika langu. Nzi alitembea juu ya jicho lake na hakupepesa.

Ninamsikia Hamisi uani ananoa shoka. Nitatoka nimwambie sasa hivi, kabla woga haujanipa sababu nyingine ya kunyamaza. Asubuhi nitamwomba anishike mkono tuvuke mto.

Tutakapokuwa tunarudi, baada ya sindano ile, je, nitaiona njia?